Shawish, Sinia na Njia ya Shingo

Shawish Abdelkarim alipigana na Mjerumani kule Tanganyika, akavuka mito yenye mamba, akarudi Kibra na medali kifuani na meno yote mdomoni.

Halafu mwaka wa nzige akapotea kwenye njia ambayo mke wake alikuwa akiipita kila wiki na mzigo kichwani.

Na si kupotea kidogo. Alipotea hadi tumbili wakamzoea.

Huyu Shawish, yaani sajini wa jeshi la Mwingereza, alikuwa baba ya nyanya yangu, Sitti. Nawasimulia vile nyanya alinisimulia mimi, tena zaidi ya mara moja, na kila mara akifika kwa tumbili alikuwa anacheka hadi anashikilia ukuta.

Siku hizi watu wa Nairobi wanaenda hiking. Wanavaa viatu vya maana, wanabeba maji kwa chupa ya chuma, wanapiga selfie na mti. Wakati ule ukitoka Kibra kwenda Kawangware, hiyo ndiyo ilikuwa hiking yako, na hakuna mtu alikupiga picha.

Msitu ulianza tu nyuma ya nyumba za Wanubi, wale askari waliotoka Sudan na familia zao. Ulipanda hadi barabara ya Ngong, ukavuka, ukashuka tena bondeni kwa mto Kirichwa. Ng'ambo ya mto ndipo ulikuta mashamba ya Wakikuyu, na juu yake Kawangware.

Wanaume walizunguka na barabara. Njia ya msituni ilikuwa ya wanawake.

Na kusema kweli, njia hiyo haikukatwa na mtu yeyote. Ilikanyagwa tu kwa sababu ya vyombo.

Iko hivi. Zeinabu, mke wa Shawish, alikuwa na rafiki Kawangware anaitwa Wakarima, au Mama Wangoi, mke wa Ishmael Nderitu, mzee wa kanisa. Walijuana siku gunia la Zeinabu lilimpasukia mtoni na ndizi zikaanza kuondoka na maji. Wakarima alikuwa hapo anateka maji. Akaingia mtoni na nguo zake, akaziokoa zile ndizi, akamwazima kikapu chake, kiondo, cha kuzibebea.

Hapo ndipo mambo yaliharibika.

Kwa Wanubi, chombo cha mtu hakirudi tupu. Kwa Wakikuyu vilevile, chombo cha mtu hakirudi tupu.

Zeinabu akarudisha kiondo na unga ndani, na juu ya unga akaweka bakuli la mchuzi. Sawa, kiondo kimefika kwao. Lakini bakuli ni la Zeinabu. Wakarima akalirudisha na viazi vitamu, viazi vikawa vingi, vilivyobaki akavitia kwenye kiondo kilekile. Sasa kiondo kiko Kibra tena.

Unaona shida?

Miaka ikaenda hivyo. Hakuna aliyeweza kuacha, kwa sababu kuacha ni kurudisha chombo tupu, na kurudisha tupu ni kumwambia mwenzako tumemalizana.

Basi Wakarima akajifungua kitinda mimba, na Zeinabu kwa ile furaha akili ikamtoka kidogo. Akapeleka chakula kwa sinia la shaba.

Si sinia lolote. Hilo lilitoka Sudan na mama yake, kichwani, nyuma ya majeshi. Kila binti wa ile nyumba hina yake ilikandwa hapo. Lilikuwa linakaa ukutani, kwa msumari wake, na hata Shawish alikuwa haligusi bila kunawa.

Kisha nzige wakaja. Wakala Kawangware hadi majani ya paa.

Na sinia halikurudi.

Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Zeinabu hakusema kitu. Ningekuwa mimi ningeuliza, lakini yeye hangeweza. Kuuliza chombo chako ni sawa na kusema, niletee kitu.

Halafu Sitti akaposwa. Harusi ikapangwa Ijumaa, hina Alhamisi. Mama mkwe wake mtarajiwa, Sitelbanat, alikuwa na ulimi wa kukata nyama, na sasa kila siku alikuwa anakuja kunywa chai na kuangalia ule msumari.

"Hapo ukutani palikuwa na nini?" akauliza Jumatatu.

"Palikuwa na ukuta," Zeinabu akajibu.

"Kwetu hatuchukui binti ambaye hina yake imekandwa kwa karai," Sitelbanat akasema, akamalizia chai yake.

Alipoondoka, Sitti akaingia chumbani kulia. Zeinabu akamgeukia mume wake.

"Kesho unaenda Kawangware."

Mama wa bibi harusi hatoki nyumbani wiki ya harusi, kwa hivyo hapakuwa na mtu mwingine. Shawish akasimama wima, furaha tupu. Tangu astaafu hakuna aliyemtuma mahali.

"Niwaambie warudishe sinia?"

"Wallahi ukilitaja hilo sinia usirudi! Utapeleka kiondo cha Mama Wangoi. Utakaa, utakunywa uji, utaangalia ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wowote. Wewe angalia tu. Mwanamke akiona mgeni anaangalia ukuta ataelewa."

Shawish akakubali, ingawa jeshini hakuna aliyewahi kumpa amri kama hiyo. Akaomba aelezwe njia ya msituni, kwa sababu kwa barabara angefika jioni. Akatoa kijiti, akasafisha sakafu ili achore ramani.

"Ukitoka nyuma ya nyumba ya Fadlalla unaingia msituni," Zeinabu akaanza. "Shingo ikichoka mara ya kwanza, pinda kushoto."

Kijiti kikasimama.

"Shingo?"

"Shingo. Ukishavuka barabara ya Ngong, mkono ulioshika mzigo utakufa ganzi. Badilisha mkono, hapohapo ushuke. Jasho likiingia macho umefika mtoni."

"Zeinabu, mimi nimeongoza watu mia moja msituni. Niambie hatua ngapi, upande gani wa jua!"

"Hatua sijui. Jua linatembea. Shingo yako unayo kila siku."

Shawish akafuta sakafu, akaenda kulala. Wanawake, alijiambia, wangefukuzwa jeshini siku ya kwanza.

Asubuhi kiondo kilikuwa tayari mlangoni. Chini unga wa mtama, juu mandazi ya iliki yamefunikwa kwa kitambaa. Mandazi ya Zeinabu yalijulikana Kibra nzima, kwa sababu kabla ya kuyatupa kwenye mafuta alikuwa anayabonyeza katikati kwa kidole gumba. Kila moja lilikuwa na kishimo chake.

Shawish alivaa kanzu, koti la jeshi na medali. Kifimbo kwapani. Kiondo akakining'iniza mkononi, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

Alipofika nyuma ya nyumba ya Fadlalla akasikia mtu anakohoa dirishani. Buda, aibu iliyompata! Shawish mzima na mzigo wa wanawake! Akaruka kichakani, akakificha kiondo chini ya majani, akatoka upande wa pili mikono mitupu, anapiga mluzi.

Angeweza kukirudia. Lakini akafikiria, kwani kuna haraka gani? Acha kwanza aichunguze njia akiwa mwepesi, ndivyo wanajeshi wanafanya. Akishaijua, atarudi kuchukua mzigo.

Akatembea.

Msitu ulikuwa mzuri, hilo lazima niseme. Miti mirefu, baridi ya asubuhi, ndege wanapiga kelele juu kama soko. Shawish alikuwa anajisikia kijana. Vijia vilikuwa vinatoka kushoto kila mahali, vya wanyama, vya kuni, vya maji, na yeye anasubiri shingo ichoke ajue achukue kipi.

Shingo haikuchoka.

Akaendelea. Shingo iko sawa kabisa. Akaanza hata kujivunia, maana umri ule watu wengi shingo zimeshaanza kuleta maneno.

Akafika kwa mti uliopasuliwa na radi. Akaendelea, akafika kwa mti mwingine uliopasuliwa na radi. Akashangaa radi ya msitu huu. Alipofika kwa wa tatu, juu yake kulikuwa na tumbili yuleyule aliyekuwa juu ya wa kwanza, na huyo tumbili alikuwa anakula andazi.

Andazi lenye kishimo katikati.

Nyanya alikuwa anasema Shawish hakuwahi kupiga kelele hivyo hata vitani. Alikimbia kuelekea kichaka chake, ambacho kumbe kilikuwa hapo nyuma tu. Tumbili watatu walikuwa wamekizunguka kiondo, wametulia, wanakula kwa adabu. Aliwatimua kwa kifimbo na matusi ya Kinubi. Mandazi mengi yalipona. Heshima ndiyo iliyoumia.

Akasimama hapo anapumua, medali zimekaa upande. Jua limepanda. Harusi ya binti yake ni Ijumaa, na yeye hajaenda mahali.

Ndipo wazo likamjia, polepole, na hakulipenda.

Akaangalia huku. Akaangalia huku. Akavua kofia, akasokota kitambaa cha jasho kuwa ngata, akakinyanyua kiondo na kukiweka kichwani.

Akatembea.

Na manze, njia ikafunguka!

Shingo ikaanza kulalamika, kidogo kidogo, halafu sana. Pale alipoona hawezi tena, akainua macho, na mbele yake kulikuwa na jiwe, na kando ya jiwe kijia kimepinda kushoto. Jiwe lilikuwa limelainika juu, linang'aa, kwa kukaliwa na wanawake waliochoka mahali palepale alipochoka yeye.

Akakaa. Alikuwa amemwona Zeinabu akitoka na mzigo na kurudi na mzigo miaka yote hiyo, na hajawahi kuuliza hata siku moja umechoka. Alikuwa akiuliza tu chakula kiko wapi. Moyo ukamuuma, akajiambia akifika nyumbani atamwambia neno zuri. Kisha akainuka, maana shawish hakai kwa jiwe akihuzunika.

Akavuka barabara ya Ngong mbiombio asionekane na mtu. Mkono ukafa ganzi, akabadilisha, akashuka. Jasho likaingia macho, na hapo akasikia mto.

Na akasikia kitu kingine. Mtu anatembea ndani ya majani, ng'ambo, anahema.

"Simama!" Shawish akapiga sauti ya zamani. "Nani huko? Toa neno!"

Sauti ndogo ikajibu, kwa kile Kiswahili cha kuokoteza ambacho Wanubi na Wakikuyu walizungumziana:

"Neno gani?"

"Neno ya kupita!"

"Mimi hapana jua neno. Mimi Ishmael Nderitu, mzee ya kanisa."

"Mzee ya kanisa nafanya nini ndani ya majani?"

"Natafuta njia. Na wewe, Shawish, nafanya nini na kiondo ya mke yangu juu ya kichwa?"

Swali zuri. Shawish akakishusha haraka.

Nderitu akatokea. Alikuwa amevaa koti zito jeusi la Jumapili, jua lote lile, limefungwa vifungo hadi kooni, na mgongo wake ulikuwa umevimba kama wa kobe. Aliingia kwenye gogo la kuvukia mto akiyumba. Katikati ya gogo akateleza, akakaa kitako, na mgongoni mwake kikalia kitu kama kengele.

Ilikuwa sauti ya shaba. Shawish aliijua sauti hiyo.

"Mzee," akasema taratibu, "fungua koti."

Nderitu hakubisha. Akafungua kifungo kimoja kimoja, na sinia la Zeinabu likatokea, limefungwa mgongoni kwa mkanda, linametameta. Na lilikuwa tupu.

Walikaa kando ya mto, na Nderitu akaeleza. Nzige hawakuacha kitu. Kila asubuhi Wakarima analishusha sinia, analipangusa, anatafuta cha kutia, anakosa, analirudisha ukutani. Amebaki na kuku mmoja tu, anamngoja atage. Kuku naye amegoma.

"Sasa yeye nalia," Nderitu akasema. "Leo yeye nakwenda shamba, mimi nachukua sinia. Nataka weka kwa mlango ya Mama Sitti, halafu mimi nakimbia."

"Wewe nakimbia? Mzee ya kanisa?"

"Nakimbia sana."

"Na kwa nini napotea?"

Nderitu akakasirika. "Hii njia nalaaniwa! Mke yangu nasema, mahali mkanda nauma paji ya uso, shuka. Mimi natembea tangu asubuhi, paji yangu hapana uma kitu!"

Shawish akamwangalia. Wakikuyu hubeba mgongoni, mkanda unapita kwenye paji la uso. Mkanda wa Nderitu ulikuwa umefichwa ndani ya koti, umepita mabegani.

"Mzee," akasema, kwa ile sauti ya mtu aliyezaliwa akijua, "bila mzigo sawasawa, hii njia huwezi ona."

Basi. Sinia liko hapa. Angelichukua tu akaenda, sivyo?

Haiwezekani. Akilifikisha tupu, Zeinabu ataamini rafiki yake amemwambia tumemalizana. Na Nderitu akirudi aseme sinia limeondoka tupu, Wakarima hatainua uso tena maisha yake yote. Wazee wawili wakaangalia vyombo viwili na mzigo mmoja, na kwa mara ya kwanza wakaelewa vita vya wake zao vilivyo.

Shawish ndiye aliyepata dawa.

Akatoa mandazi kwenye kiondo, akayapanga kwenye sinia, akayafunika kwa majani ya mgomba. Unga ukabaki kwenye kiondo. Sinia si tupu, kiondo si tupu. Mbele ya Mungu na mbele ya wanawake, hakuna aliyekosa.

"Wewe sema mimi napita, nachukua sinia, na wewe napata ndizi, naweka ndani," akamwelekeza Nderitu. "Mimi nasema Mama Wangoi natuma mandazi."

"Hiyo si uongo?"

"Hiyo mbinu."

Nderitu akafikiria kidogo, akaomba kwa macho yaliyofumbwa, akachukua kiondo.

Shawish alifika Kibra alasiri na sinia kichwani, mbele za watu, mbele ya dirisha la Fadlalla, hajali. Sitti alipoliona alipiga vigelegele peke yake. Zeinabu alilipokea kwa mikono miwili, akaliinamia, akafunua majani.

Akayatazama mandazi yale.

Akachukua andazi moja. Akatia kidole gumba chake kwenye kile kishimo. Kikaingia sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake.

"Baba Sitti."

"Naam."

"Mama Wangoi siku hizi anakaanga mandazi?"

"Sana."

"Na kidole changu alikipata wapi?"

Shawish akanyoosha medali. "Hata Kawangware watu wana vidole gumba."

Alingoja apigwe na kitu. Lakini Zeinabu alikaa chini, na andazi mkononi, na machozi yakamtiririka. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mtu anayekurudishia chakula chako mwenyewe hana kingine nyumbani.

"Rafiki yangu ana njaa," akasema, "na mimi nilikuwa nalilia sinia."

Akainuka. Akaita wanawake wote waliokuja kusaidia harusi. Wakafungua akiba: mtama, mchele, maharagwe, samli. Na alipomaliza kugawa mizigo, akachukua sinia la shaba, akalijaza hadi kilele.

Shawish karibu azimie. "Hilo ndilo limerudi sasa hivi!"

"Nikimpelekea kwa chombo kingine ataona nimeogopa kumwachia hili."

Kesho yake asubuhi Sitelbanat alifika akakuta chakula cha harusi kinatoka mlangoni.

"Hina ni kesho!" akapiga kelele. "Sinia linaenda wapi? Chakula kinaenda wapi? Mama wa harusi unaenda wapi?"

"Msituni," Zeinabu akasema. "Ukija, beba maharagwe. Ukibaki, funga mlango."

Sitelbanat hakutaka kukosa aibu ya mtu mwingine. Akabeba maharagwe.

Wakaingia msituni kwa mstari, nguo za rangi zinametameta kati ya miti, na mbele yao Shawish na gunia la mtama kichwani. Kila shingo zilipochoka alikuwa anainua mkono: "Pumzika!" Wanawake walikuwa wanacheka hadi mizigo inatikisika. Yeye aliona ndiyo safari bora ya jeshi aliyowahi kuongoza.

Wakavuka barabara, wakashuka bondeni, jasho likaingia macho.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na mstari mwingine.

Wanawake wa Kawangware, wameinama chini ya mikanda yao, na mbele yao Wakarima. Mgongoni kiondo kilekile. Kwapani kuku. Na nyuma kabisa, akijaribu kujificha nyuma ya mti mwembamba sana, Ishmael Nderitu.

Pande zote mbili zikasimama.

"Mama Sitti!" Wakarima akaita. "Nawaletea chakula! Hapana lia, sisi nakuja!"

"Chakula ya nini?" Zeinabu akajibu. "Mimi ndiyo nakuletea wewe!"

"Wewe hapana wahi niletea kiondo nusu! Miaka yote, hapana hata siku moja! Jana mimi naona nusu, nasema, wuui, Kibra wanakufa, na mtoto naolewa! Mimi napita kila nyumba. Huyu natoa kiazi, huyu natoa ndizi moja, huyu nduma. Kila mtu natoa ile kitu moja nzige naacha."

Zeinabu akaangalia ule mstari. Viondo vilikuwa vikubwa, lakini kilichokuwa ndani ya kila kimoja kilikuwa kidogo mno, na ndicho kilikuwa chote.

Halafu wanawake wawili, kwa wakati mmoja, wakageuza shingo.

"Abdelkarim."

"Ishmael."

Mto ulikuwa unapita tu. Shawish akasimama wima, macho mbele, kama mtu anayesubiri kupigwa risasi. Nderitu ndiye aliyevunjika. Kwanza akasema ilikuwa mbinu. Kisha akasema yote: koti, gogo, mandazi, hata ule mpango wa kuweka mlangoni na kukimbia.

Aliyeanza kucheka ni Sitelbanat. Akacheka hadi akashusha maharagwe chini. Wengine wakafuata, Wanubi na Wakikuyu, bonde zima likajaa kicheko, na kuku akatoroka.

Wakapika hapohapo mtoni. Zeinabu akapakua kila kilichokuwa kwenye sinia, akawagawia wanawake wa Kawangware hadi punje ya mwisho. Wakarima akalichukua sinia, akaliosha kwa maji ya mto, akalipangusa kwa nguo yake. Kisha akaanza kutazama huku na huku, macho yanatafuta cha kutia. Akaita kuku atafutwe.

"Hapana," Zeinabu akasema. "Nipe hivyo."

"Tupu?"

"Tupu, mama. Mimi nataka wewe. Sinia ni chombo tu."

Wakarima akalinyoosha sinia, tupu, na Zeinabu akalipokea kwa mikono miwili kana kwamba limejaa.

Hakuna aliyekufa. Wakakumbatiana, na sinia likabaki katikati yao likiwaumiza mbavu.

Alhamisi hina ya Sitti ilikandwa ndani yake, na waliokanda ni Zeinabu na Wakarima. Sitelbanat alilikagua juu na chini, akasema, "Ni hili tu? Nilidhani ni kubwa." Lakini Ijumaa harusi ikafanyika, ndiyo maana mimi niko hapa naandika.

Yule kuku alitaga siku ileile aliyotoroka, kichakani. Na kuhusu kurudisha vyombo tupu, amani ilidumu hadi wiki iliyofuata, Zeinabu alipofungua mlango akakuta kiondo cha viazi.

Funzo langu ni hili. Chombo cha mtu kirudishe. Ukiwa na kitu, tia. Ukiwa huna, kirudishe hivyohivyo, kwa sababu mwenye chombo labda ameshasahau chakula, anakungoja wewe. Wangapi tumepoteza marafiki kwa kuona aibu ya sufuria?

Kabla sijafunga, salamu kwa Njambi wa Kawangware, kitukuu wa Wakarima. Najua unasoma page hii, huwa unaweka like kabla ya kumaliza paragrafu ya kwanza.

Sinia la nyanya lilikuja kwenu na pilau, wakati wa matanga ya mzee wenu. Ni miaka sasa. Dada yangu anaolewa Desemba. Mama yangu amekataa kabisa niulize, na mimi sijauliza.

Mimi nimekaa hapa tu, naangalia ukuta.